Daftari la Peugeot

Tuliliinua gari kwa jeki mbili, tukaliegemeza juu ya magogo manne, kisha fundi akaingia chini akiwa ameng'ata tochi. Alikaa huko kama dakika kumi bila kusema neno. Alipotoka alikuwa na kipande cha mpira mweusi mkononi.

"Unakijua hiki, binti?"

Nikasema ni bushi.

"Ni tairi," akasema. "Mtu alikata tairi la lori kwa kisu akachonga bushi. Kamuulize mzee wako ilikuwa mwaka gani."

Ilikuwa katikati ya Februari, kwenye gereji moja ya Unga Limited, Arusha. Gari lilikuwa Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1973, mali ya baba yangu. Lilikuwa limesimama chini ya mwarobaini wetu kwa miaka 14. Kuku walikuwa wakitagia kiti cha nyuma. Kaka yangu alikuwa ameshampata mnunuzi wa chuma chakavu, na pale lilipokuwa gari alitaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Hesabu zake hazikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyekuwa natetea kitu kisichotembea.

Tulikubaliana hivi, mbele ya baba: kama hadi Pasaka gari litaweza kumpeleka mzee Mbulu na kumrudisha, litabaki. Likishindwa, litapelekwa kwenye mizani.

Mbulu haikuchaguliwa bila sababu. Baba alifanya kazi huko kama bwana shamba tangu miaka ya 1970, na mama amezikwa huko, kijijini kwao, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mara mbili za mwisho tulikodi gari, na mara zote mbili dereva aligeuza njiani baada ya kuona tope. Sasa baba ana miaka 81 na macho yake yamefifia. Hakuwahi kulalamika. Alisema tu siku moja, akiwa anakunywa chai, kwamba Peugeot lisingegeuza.

Nilisoma historia chuo kikuu, na huenda ndiyo maana nilianza kazi hii kwa kosa. Nilitaka kulirudisha gari katika hali yake ya asili. Nilikuwa nimekusanya picha za magari kama lile yaliyotunzwa Ulaya, yanang'aa, kila skrubu mahali pake. Nilimpa fundi orodha ya vitu vya kutoa na vya kurudisha. Aliisoma polepole, akaikunja, akaitia mfukoni. "Asili ya wapi?" akauliza.

Ni swali zuri, na jibu lake la kwanza ni rahisi. 504 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Stesheni wagoni ilifuata baadaye kidogo, nayo haikuwa saluni iliyoongezewa buti tu. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma saluni ina mita 2.74, wagoni ina mita 2.90. Saluni nyingi za 504 zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja kivyake. Wagoni ilipewa ekseli moja nzima, ngumu, iliyobebwa na koili nne, mbili kila upande. Propela yake haikuachwa wazi, bali ilifichwa ndani ya bomba nene lililofungwa giaboksi upande mmoja na difu upande mwingine. Bomba hilo ndilo linaloizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Injini ina silivu zinazochomoka, kwa hiyo silinda ikilika huhitaji kutupa bloku: unatoa silivu za zamani, unaingiza mpya pamoja na pistoni zake, na injini inaanza maisha upya.

Tia gari la namna hiyo kwenye barabara ya vumbi na utaona kwa nini watu wa Afrika walilipenda. Springi zake ni laini na zina mwendo mrefu. Gurudumu linaingia kwenye shimo na kutoka, abiria anaendelea na mazungumzo. Lakini halisukumwi na magurudumu manne. Ni ya nyuma tu. Kila kilichofanywa kwenye Peugeot ili lipite pasipopitika kilifanywa kwa kuzunguka ukweli huo mmoja.

Waliolijua hilo mapema walikuwa madereva wa Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Peugeot 404, kaka wa 504, lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Mwaka 1963 na mwaka 1968 mvua ilikuwa kali hivi kwamba ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. 504 nalo likashinda mwaka 1975, likiendeshwa na Ove Andersson. Miongoni mwa sehemu zilizoogopwa upande wetu ni milima ya Mbulu.

Magari yale yalikuwa na vishikio na vikanyagio nyuma. Gari likikwama, msaidizi wa dereva alitoka, akapanda nyuma na kuruka-ruka ili uzito wake uyakandamize magurudumu yanayosukuma. Wazo hilo halikuhitaji kiwanda. Kumbuka hili, nitalirudia.

Jibu la pili la swali la fundi lilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha baba. Ni daftari la kurasa 96, jalada limeliwa na mende pembeni. Baba alikuwa akiandika humo kila alichokifanyia gari, kwa mwandiko wake wa kiofisi: tarehe, kilichoharibika, kilichowekwa, aliyekiweka. Hakuandika hisia hata mahali pamoja. Nilikaa nalo usiku mzima.

Alilinunua gari mwaka 1976 kutoka kwa daktari mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Kurasa za mwanzo ni shwari. Spea zinatoka Nairobi, zinafika kwa basi, bei imeandikwa. Halafu, Februari 1977: "Mpaka umefungwa. Shokapu hazijafika." Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika vitabu nilivyosoma chuoni, tukio hilo ni ndege za shirika la pamoja, reli, mali za kugawana. Katika daftari la baba ni shokapu mbili za nyuma.

Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita vikaendelea hadi 1979. Bei ya mafuta duniani nayo ikapanda mwaka huohuo. Fedha za kigeni zikaisha. Machi 1979: "Springi nyuma kushoto imekatika. Haipo Arusha. Haipo Moshi." Juni 1980: "Bushi 4, mpira wa tairi la Leyland." Hapo ndipo nilipokipata kipande alichonionyesha fundi. Mahali pengine kumeandikwa Jumapili tu na mstari; ulikuwa wakati ambao magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri ili kubana mafuta. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, spea zinaanza kuonekana tena, na katika miaka ya 1990, magari ya mtumba ya Japani yalipojaa mjini, Peugeot linaanza kupata viungo vya kigeni: kabureta ya Nissan, alteneta ya Toyota, rejeta ambayo baba mwenyewe ameiandika "haijulikani".

Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anawaweka mafundi wa gereji za Tanzania katikati ya historia ya gari, si pembezoni mwake. Nilikuwa nimekisoma na kukubaliana nacho kabisa, kisha nikaenda kwa fundi na orodha ya kuwafuta mafundi wote waliopita.

Kwa mfano springi za nyuma. Pale palipopaswa kuwa na koili nne palikuwa na springi za lori, zile za vyuma bapa vilivyolaliana, zimefungwa chini ya ekseli kwa boliti nene. Mimi nilikiona kitu cha kutia aibu. Fundi alilala chali akakitazama muda mrefu, halafu akaniita nami nikalala kando yake juu ya gunia.

"Tazama huku mwisho wa springi, na kule mwisho mwingine," akasema. "Kwenye lori, upande mmoja unafungwa kabisa, mwingine unaachwa ucheze. Huyu ameacha pande zote mbili zicheze. Kwa nini?"

Sikujua.

"Kwa sababu ekseli ya Peugeot tayari imeshikwa na lile bomba. Ukiifunga na springi pia, vitu viwili vitagombana na kimoja kitakatika. Huyu mtu aliiachia springi kazi moja tu, kubeba. Hakuonyeshwa na mtu. Alilitazama gari mpaka akalielewa."

Nilipomsomea baba ukurasa ule, nilimwambia kwa huruma kwamba naelewa jinsi dhiki ilivyowalazimisha. Alinyamaza kidogo. "Soma mstari wa chini," akasema. Mstari wa chini ulisema: "Agosti 1981. Springi za Bedford. Sasa linabeba gunia 8."

"Koili moja ndiyo ilikosekana," akasema. "Moja ningeipata. Lakini lori la idara halikuwa na mafuta, mbegu zilikuwa zinaozea ghalani huku mvua inakaribia. Wagonjwa nao. Maiti nao. Nililibadilisha ili libebe, mwanangu. Usiandike kwamba tulilazimishwa tu."

Kwa hiyo naandika: hawakulazimishwa tu.

Lakini sitaki pia kuandika kwamba kila kilichotengenezwa kwa dhiki au kwa akili ni cha kuhifadhiwa. Tulipokwangua kutu tuliona nyufa mbili sakafuni, kila moja ndefu kama kiganja, kuanzia pale zilipochomelewa pembe za kushikia springi. Peugeot halina chesisi kama ya lori; bodi yenyewe ndiyo inayobeba. Mzigo uliokuwa ukisambazwa na vikombe vya koili, sasa ulikuwa ukigonga sehemu nne ambazo hazikuumbwa kwa kugongwa. Kwa gunia 8, mwaka 1981, hiyo ilikuwa bei ya kulipa. Kwa mzee mmoja wa miaka 81 mwenye mgongo mbovu, haikuwa na maana. Gari lilikuwa limejibu swali lililokwisha kuulizwa. Sasa kulikuwa na swali jingine.

Haya hayakutokea kwetu tu. Huko Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya umeme ya Tohoku ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya milimani wakati wa theluji, lakini lenye starehe kuliko jipu. Muuzaji wa Subaru wa Miyagi alichukua wagoni ya kawaida inayovutwa na magurudumu ya mbele, akaifungia nyuma difu ya Nissan Bluebird. Ni kazi ya gereji kabisa, kuchukua kiungo cha gari hili na kukitia kwenye lile. Kutokana na majaribio hayo, mwaka 1972 Subaru ilianza kuuza Leone ya wagoni yenye magurudumu manne yanayosukuma, babu wa Subaru zote zinazopanda milima leo. Na Ufaransa kwenyewe, mhandisi Henry Dangel alilichukua 504 la wagoni, gari lilelile la baba, akaliinua na kulitia ekseli ya mbele inayosukuma. Lilionyeshwa Paris mwaka 1980. Miezi kumi hivi baadaye, huku kwetu, mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari kwa herufi mbili tu alikuwa akifunga springi za Bedford. Tofauti kati yao ni kwamba mmoja alipata kiwanda.

Nilichana orodha yangu. Tukaandika nyingine, ya barabara moja na abiria wanne.

Koili nne zilipatikana Shaurimoyo, Dar es Salaam, zimetolewa kwenye 504 lililopinduka, zikaletwa kwa basi ndani ya kiroba. Juu ya kila koili fundi aliweka pete ya mpira mgumu yenye unene wa sentimita tatu. Nilitaka tano. Akanikatalia: ile fimbo inayoizuia ekseli isiende kushoto wala kulia imefungwa upande mmoja kwenye bodi, na ukiliinua gari kupita kiasi inaivuta ekseli yote kando, mipira ya breki nayo inakazika. "Kuinua gari ni kukopa," akasema. "Kopa unachoweza kulipa." Magurudumu ya mbele nayo yakainuliwa kidogo, yakapimwa upya. Tairi ni 185 R14 za meno makubwa, saizi ileile ya Hiace za zamani, kwa hiyo hata kijijini zinapatikana.

Chini ya sampu kulifungwa bamba la chuma lenye tundu la kumwagia oili, kwa sababu ukilisahau tundu hilo utafungua bamba zima kila huduma. Difu ina kitundu cha kupumulia. Ikiingia mtoni ikiwa moto, inapoa ghafla na kunyonya maji. Fundi aliunga mpira mwembamba pale na kuupandisha hadi karibu na kifuniko cha tangi. Distributa ilivishwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Injini iliingia silivu na pistoni mpya. Nyufa zilichomelewa na kutiwa viraka vipana. Kabureta ya Nissan ilibaki, kwa sababu inavuta vizuri. Na bushi mbili za mpira wa Leyland, baada ya miaka zaidi ya 40, zilikuwa bado nzima. Zilibaki pia.

Jumamosi ya Pasaka tuliondoka alfajiri. Baba alikaa mbele, mkono juu ya dashibodi. Kaka alikaa nyuma na mke wangu wa utani, yaani wifi, aliyekuwa ameshika kapu la chakula. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Tulipita Makuyuni, tukafika Mbuyu wa Mjerumani, tukakata kulia na kuanza kupanda ukingo wa Bonde. Gia ya Peugeot iko usukanini. Baba, bila kuona barabara vizuri, alikuwa akisema "mbili" au "moja" kwa kusikiliza injini, na hakukosea.

Shida ilitukuta mbele ya Mbulu mjini, kwenye njia ya kijijini, kwenye mteremko unaoishia kijito kisha mpando mfupi wa udongo mwekundu. Kijito tulivuka. Kwenye mpando magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure na gari likarudi kinyumenyume taratibu mpaka likaegemea ukingo. Kaka hakusema kitu. Najua alichokuwa anafikiri, maana hata mimi nilikuwa nakifikiri. Nikasema tuweke minyororo.

"Bado," baba akasema. "Mwambie kaka yako apande nyuma."

Kaka alitoka na viatu vyake vya Pasaka, akapanda juu ya bampa la nyuma, akashika karia. Nikatia gia moja. Baba akapiga dirisha kwa kiganja: "Ruka!" Nikamwona kwenye kioo, mwanamume wa miaka 45, mhasibu, anaruka-ruka nyuma ya Peugeot huku tope likimpanda hadi kidevuni. Koili zikalala, zikanyanyuka, zikalala. Tairi zikashika. Tukapanda hadi juu, na hakushuka mpaka tulipofika penye nyasi, ingawa nilikuwa nimeshasimama.

Kaburini tulikaa muda mrefu. Baba aliomba tumwache peke yake, kisha akaomba tumrudie. Tulipalilia. Hayo mengine ni yetu.

Jioni, tukiwa tunanawa kwa mjomba, kaka aliniuliza koili zile ziligharimu kiasi gani. Nikamtajia. Akafikiri. Akauliza kama za mbele nazo zinapatikana Shaurimoyo, maana amesikia mlio upande wa kushoto. Kuhusu mizani hakuuliza, nami sikumkumbusha. Vyumba atavijenga upande wa pili wa mwarobaini.

Daftari lina kurasa 11 zilizobaki. Usiku ule nilimwomba baba ruhusa, nikaandika chini ya mstari wake wa mwisho: tarehe, koili 4 nyuma, pete sentimita 3, nyufa 2 zimezibwa, bushi 2 za Leyland zimeachwa. Jina la fundi nililiandika lote. Baba aliniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Akasema nimesahau kitu. Nikaongeza: "Mbulu, mvua. Watu 4. Halikugeuza."